Sili ya Pampu Namba Mbili

Mimi na Bwalya hatukuwahi kuonana. Kwa miaka tisa tulijuana kwa sauti tu, yeye akiwa ng'ambo ya mpaka na mimi Morogoro, kwenye kituo cha pampu nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukifungua mlango unakuta milima ya Uluguru imekaa mbele yako yote. Kati yetu lilipita bomba la mafuta. Mafuta yakitoka Dar es Salaam yalifika kwangu yamechoka, nikayasukuma kwa pampu, yakaendelea na safari mpaka kwake. Nchi yake siitaji, maana wakubwa walishapatana na mimi sitaki kufufua maneno. Itoshe kusema kwamba hawana bahari, na dizeli waliyokuwa wakichoma ilipita kwanza miguuni pangu.

Kila siku saa mbili asubuhi tulisomeana presha kwa simu ya bomba, ile ya kuzungusha kwa mkono. Bwalya alianza kazi akiwa kijana, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Nikamfundisha mimi, namba kwanza, kisha salamu. Nilimwambia mkubwa huamkiwa shikamoo, naye hujibu marahaba. Sijui laini ilikuwa ikikoroma siku hiyo au vipi, yeye akaelewa kwamba shikamoo ni ya kufungulia mazungumzo na marahaba ni ya kufungia. Basi akawa anaanza, "Shikamoo, mzee wangu," na akimaliza kusoma geji anasema, "Haya, marahaba!" anakata simu. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumsahihisha. Mwanzoni ilinichekesha, baadaye nikaizoea, mwishowe nikawa naisubiri.

Ningeachaje kuisubiri, na sikuwa na mtu mwingine wa kunisemesha? Modesta, mke wangu, tulikuwa tumemzika Matombo, kijijini kwetu. Watoto walikuwa Dar, kila mmoja na shida zake. Kituoni tulikuwa watu kumi na wanne, ukaja wakati wa soko huria, mji ukajaa mitumba na redio mpya, na sisi tukaanza kupunguzwa. Kila baada ya miezi michache ilikuja orodha, watu wakafunga mizigo. Tulibaki mimi na mlinzi aitwaye Kondo, mtu mwema, ila sikio moja lilikuwa kiziwi na lile jingine vivu. Nasema wazi, nilikuwa mpweke. Jumapili nikitoka kanisani nilipitia dukani kununua kiberiti nisichokihitaji, ili mtu aniambie karibu tena.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, mhandisi Leonard alifika kutoka makao makuu. Alikuwa kijana wa kuweza kuwa mwanangu. Akaniamkia vizuri, akafunga mlango.

"Mzee Fransisko, pampu namba mbili uizime. Namba moja iende nusu."

"Namba mbili ina nini?"

"Haina kitu. Wenzetu wamegoma kutia sahihi mkataba mpya, wanataka kuanza kununua mafuta kwa njia ya kusini. Wakubwa wamesema wabanwe kidogo."

"Na wakiniuliza?"

"Sema matengenezo. Sema sili imepasuka." Sili ni ile pete inayozuia mafuta yasivuje kwenye pampu, ikipasuka kweli, husukumi kitu. Leonard akatazama viatu vyake. "Halafu, mzee wangu, orodha nyingine inaandaliwa. Ningependa jina lako lisiwemo."

Alisema kwa huruma, na huruma yake iliniudhi kuliko amri yenyewe. Lakini nilizima pampu.

Kesho yake saa mbili Bwalya hakumaliza hata salamu. "Mzee, presha yako imeanguka. Kuna nini?"

"Sili ya namba mbili imepasuka."

"Lo! Umeumia?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. "Sikuumia," nikasema.

"Mungu mkubwa. Pole sana, mzee wangu. Haya, marahaba."

Siku ya sita akaniambia magari kwao yanalala kwenye foleni ya dizeli. Siku ya tisa, kwamba mafuta ya taa yameadimika na mkewe amerudia kuni, macho mekundu. Lakini kila mara aliyepewa pole ni mimi. Nimekula? Nimepata mtu wa kunisaidia kufungua boliti? Nisiinamie pampu kutwa, nitaharibu mgongo. Na mimi niko kitini nakunywa chai, mgongo wangu mzima kama wa kijana, naona haya hata kumeza.

Siku ya kumi na moja sauti yake ilikuwa chini.

"Mzee wangu, wakubwa zangu wamesimama hapa. Wanasema nyie mmefunga makusudi. Wako watu wa kusini wanaoweza kutuletea mafuta wiki hii, wanataka jibu leo. Mimi nimewaambia tungoje. Nimewaambia nakufahamu miaka tisa na hujanidanganya hata namba moja. Niambie tu, mzee. Ni sili?"

Niliitazama pampu namba mbili kupitia dirishani. Ilikuwa nzima, inang'aa, maana kwa kukosa kazi nilikuwa nimeipiga kitambaa asubuhi ile. Ningeweza kusema, "Bwalya, jibuni watu wa kusini." Maneno matano. Nikafikiria orodha. Nikafikiria na jambo la kijinga zaidi, kwamba nikifukuzwa leo, kesho saa mbili atapokea simu mtu mwingine na mimi sitamsikia Bwalya tena.

"Ni sili," nikasema.

"Nilijua," akasema, na nikamsikia akigeuka kuwaambia wenzake kwa lugha yao, kwa furaha. "Marahaba, mzee wangu!"

Wakangoja. Akiba yao ikakauka, na siku ya ishirini redio ikatangaza kwamba mkataba umetiwa sahihi kwa moyo wa udugu na ujirani mwema. Niliwasha pampu namba mbili. Iliwaka mara moja, hata kukohoa haikukohoa.

Asubuhi iliyofuata nilizungusha simu na uongo wangu mwingine mkononi, wa sili mpya iliyofika. Ikaitika sauti nisiyoijua, ikasoma presha kwa Kiingereza. Nikauliza Bwalya yuko wapi. Akajibu kwamba hayupo tena kazini, akakata.

Wiki mbili baadaye lori liliegeshwa getini. Dereva aliitwa Idrisa.

"Shikamoo. Mzee Fransisko ndiye wewe? Nina mzigo wako, unisamehe, nimekaa nao mwezi mzima. Nilikwama kule, dizeli hakuna."

Ulikuwa umefungwa kwa kipande cha kitenge. Ndani mlikuwa na sili, mpya, bado na grisi yake ya kiwandani. Pampu zetu zilikuwa za aina moja. Ilikuwa saizi ya namba mbili.

"Yule bwana alikuwa akija kila siku kuniuliza kama nimepata dizeli," Idrisa akasema. "Anasema mzee wake anahangaika. Halafu akaacha kuja. Nikasikia wamemfukuza, wanasema yeye ndiye aliyewazuia kununua kusini. Amerudi kijijini kwao na mkewe. Kijiji chenyewe sikijui."

Kulikuwa na karatasi:

"Shikamoo mzee wangu. Hii ni sili yetu ya akiba. Niliomba ruhusa wakakataa, nimeichukua hivyo hivyo. Ukiifunga upumzishe mgongo. Marahaba. Bwalya."

Orodha ya vituo vyote ilikuja mwezi wa kwanza. Jina langu lilikuwa la tatu. Leonard alinipa pole, na nadhani aliumia kweli.

Sasa niko Matombo, nalima ndizi. Sili nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango. Wageni wakiuliza nawaambia ni kipuri, wanaridhika. Nimewauliza madereva wengi, hakuna anayemjua Bwalya.

Mimi nimezaliwa miaka mingi kabla yake, na kwetu mkubwa hamwamkii mdogo. Lakini asubuhi moja, saa mbili, nikiwa peke yangu, niliikunjua ile karatasi nikasema kwa sauti, "Shikamoo, Bwalya." Jibu lilikuwa pale chini, kwa mwandiko wake, juu ya jina lake.