Mikwaruzo kwenye Lori la Mzee

Msasa alipewa jina hilo kwa sababu ya kazi yake ya kupiga rangi magari, ingawa wenye kuujua ulimi wake walisema kazi haikuhusika. Binti huyo akishajua yuko sahihi, hanyamazi hata umbembeleze. Kaka yake Spana, fundi injini, alikuwa na kasoro hiyohiyo, ila yeye hakuhitaji hata kuwa sahihi.

Safari hii waligombania lori la baba yao. Mzee aliliendesha jeshini miaka kumi na tisa, akaja kulikuta linaozea kwenye vyuma chakavu, akalinunua, na wanawe wakalifufua. Sasa kambi ilikubali liongoze gwaride la wastaafu, mzee mwenyewe kwenye usukani, kwa sharti moja: Ijumaa angekuja mkaguzi, na rangi ikibanduka, lori libaki nyumbani. Mzee alikwishapiga pasi sare yake mara tatu.

Jumatatu Msasa aliingia gereji na makopo yake: praima ya epoksi, rangi ya kwanza ya kushika chuma, ile ya kuchanganywa na kigumishi chake, na rangi ya kijani isiyong'aa. Akaganda mlangoni. Spana, kwa mapenzi yake yote, alikuwa ameshinda Jumapili nzima akiling'arisha bodi kwa msasa laini wa kusafishia valvu za injini, mpaka mtu angeweza kujitazama humo akanyoa ndevu.

"Umeonaje, mdogo wangu?" akauliza, kifua mbele.

"Nimeona balaa. Kwenye injini utelezi ni mali, kaka. Huku praima itashika wapi?"

Hakungoja jibu. Akachukua msasa namba themanini, ule unaochubua hata vidole, akaanza kukwaruza mlango wa dereva.

"Baba! Njoo uone, mwanao analichuna lori!"

Mzee akaja na kikombe chake cha chai. Spana akamwaga yote: chuma kimeshakuwa safi, praima ya nini, lipigwe rangi ya kung'aa mambo yaishe.

"Lori la jeshi liking'aa linakuwa shabaha," mzee alisema. "Mengine siyajui. Injini nilikuachia wewe, rangi namwachia mdogo wako." Kisha akamgeukia binti yake. "Ikibanduka, mwanangu, sare yangu nairudisha sandukuni."

Maneno hayo yalimwingia Msasa mpaka kwenye mifupa. Siku mbili alikwaruza, mikono ikawaka moto. Akafuta vumbi na mafuta kwa thina, akapiga praima tabaka mbili, hata chini ya madigadi, vile vifuniko vya juu ya magurudumu, ambako mafundi wavivu hupitisha macho tu. Kikulacho ki nguoni mwako, na kutu ndiyo tabia yake. Kisha akaja na kijani.

Ijumaa mkaguzi hakusalimia sana. Alichanja rangi kwa wembe, miraba midogomidogo, akabandika selotepu, akaivuta kwa nguvu. Selotepu ikatoka nyeupe, bila hata chembe ya rangi. Akajaribu mlangoni, nyeupe. Mwishowe akajilaza chini, akachanja ndani ya madigadi.

Mkaguzi akainuka na selotepu nyeupe pee. "Nani kapiga hii?"

"Mdogo wangu!" Spana akapaza sauti kabla ya mtu yeyote. "Mimi nilitaka kuiharibu, akanikatalia!"

Msasa akacheka huku machozi yanamtoka, wala hakujali nani anamwona.

Siku ya gwaride mzee alipanda na sare yake, akawasha. Spana akakimbilia kiti cha mbele kama kawaida yake, akakuta mlango umefungwa kwa ndani.

"Wewe nyuma, na mizigo," mzee akamwambia dirishani. "Hapa anakaa fundi wa rangi."

Spana akarukia nyuma bila kinyongo. Lori likashika njia, yeye kasimama wima kashikilia vyuma, akiwapigia kelele watu wote waliojipanga kandokando: "Leteni wembe! Leteni wembe muone!"