Mikono ya Fundi

Fundi cherehani aliingia kliniki ameshikwa kiwiko na mkewe, na kabla hajaketi alishamweleza muuguzi kilichomleta.

"Leo nimekuja kuacha dawa. Tazama."

Akanyoosha mikono. Vidole vilicheza juu ya meza ya muuguzi. Wiki hiyo alikuwa amemkatia mteja suruali yenye mguu mmoja wa mtu mzima na mwingine wa mtoto wa darasa la tatu, na mteja mwenyewe hakuwa mtu wa mzaha.

Muuguzi huyu wagonjwa walimbandika jina Bi Maswali, naye wala hakulichukia. Kila aliyefika kwenye kliniki ile ya magonjwa ya akili alihojiwa kama mwizi wa kuku: umelala, umekojoa, umekunywa maji kiasi gani, umemeza saa ngapi. Wenzake vijana walimcheka. Yeye alisema dawa hizi ni za kuchungwa, na ukizipa kisogo tu, zinakuzunguka.

"Uache?" akauliza. "Umesahau yale makoti?"

Fundi akatazama chini. Miaka sita nyuma, kabla ya kuanzishiwa dawa hii ya lithiamu, alishona siku tisa bila kulala. Aliwashonea majirani makoti ishirini na mawili ambayo hawakuagiza, na moja akamvisha mbuzi. Watu walicheka sana. Kilichofuata hakikumchekesha mtu: miezi miwili wodini, ameelekea ukutani, hataki hata kuoga. Hakuna aliyetaka kuirudia ile miezi, yeye wa kwanza.

"Lakini fundi bila mikono ni nani?" akasema. "Niambie wewe."

Muuguzi alimhurumia, ila hakuwa mtu wa kuhurumia akiwa amekaa. "Umemeza lini mara ya mwisho?"

"Jana saa tatu usiku. Leo bado. Nilijua utaninyonya damu."

"Mwanafunzi wangu mzuri. Damu hupimwa kabla ya kidonge cha asubuhi." Akampa vikombe viwili, kimoja kimejaa maji. "Mimina humu."

Maji mengi yaliishia kwenye viatu vya muuguzi.

"Asante, nilikuwa sijaviosha. Haya, tembea ufuate mstari wa vigae."

Fundi akaenda mrama, akaegemea kabati.

"Umelewa?"

"Ningelewa ningekuwa na furaha."

"Na tumbo?"

"Anaharisha siku ya nne leo," mkewe akadakia. "Hapendi niseme."

Hapo utani ukamwisha muuguzi. Kutetemeka kidogo alikuzoea. Wengi wa lithiamu hutetemeka. Huku kuyumba, kuharisha na mikono kurukaruka kulikuwa jambo jingine. Alimtoa damu, akaipeleka maabara kwa miguu yake mwenyewe, akasimama juu ya kichwa cha mpimaji mpaka akaanza kuipima.

Aliporudi akafungua daftari la fundi. Dawa nyingine? Hapana. Za maumivu? Hapana. Maji? Anakunywa. Kisha akafika kwenye swali la chakula, akaona mwandiko wake mwenyewe, mwezi baada ya mwezi: vizuri, vizuri, vizuri. Akaona aibu. Bi Maswali mzima, na hilo hakuwahi kuliuliza sawasawa.

"Jana mmekula nini?"

"Wali na maharage," mke akajibu.

"Yana chumvi?"

"Hapana, sista. Mimi nina presha. Wiki sita zilizopita niliambiwa nipunguze chumvi, nikaamua kuiondoa jikoni kabisa. Lakini huyu namwekea kichupa chake mezani, anaongeza mwenyewe."

Fundi aliitazama dari kana kwamba ndiye aliyeijenga.

"Kichupa umekigusa?" muuguzi akauliza.

Fundi akatikisa kichwa.

"Mume wangu! Wiki sita hizi?"

"Sasa ningefanyaje?" fundi akalipuka. "Nilipolazwa ulikula chakula cha wodi pamoja nami miezi miwili, na nyumbani kwako kilikuwepo kizuri. Leo wewe unakatazwa chumvi, mimi nikae mbele yako ninyunyize?"

Mke akamshika tena kiwiko.

"Sikilizeni," muuguzi akasema taratibu. "Mwili ukikosa chumvi, figo huishikilia lithiamu. Vidonge ni vilevile, lakini dawa inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Ulikuwa unajiua kwa mapenzi, baba."

Majibu yalikuja: dawa ilikaribia mara mbili ya kiwango. Daktari akaamuru alazwe siku hiyohiyo, vidonge visimame, figo na moyo viangaliwe. Damu ikitulia, dawa itarudi kwa kipimo kipya, na chumvi itabaki vilevile kila siku, isipunguzwe wala kuzidishwa. Mikono je? Daktari alitarajia itatulia sumu ikishuka. Fundi akaitikia kwa kichwa, safari hii bila ubishi.

Kitandani, mkewe alimkalia karibu, akimkaripia huku akijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Muuguzi akatundika dripu, akatafuta mshipa kwenye mkono usiotulia, akaupata.

"Hii nayo ni dawa gani?" fundi akauliza.

"Maji ya chumvi."

Fundi aliyatazama matone yakimwingia, kisha akamgeukia mkewe kama mtu aliyefumaniwa.

"Nisamehe, mama," akasema. "Hili halikuwa shauri langu."