Awadhi Anaondoka ili Aitwe

Awadhi aliuza viatu vya mitumba Mchikichini miaka ishirini na mbili, na katika miaka yote hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuwahi kuuziwa kitu kibovu. Maneno hayo aliyasema msikitini, aliyasema harusini, na siku moja aliyasema msibani, mpaka mkewe akamkanyaga mguu. Kiatu alikuwa anakipinda soli, anaingiza mkono hadi panapokaa vidole, ananusa, basi, kimeshamweleza habari zake zote. Asilolisema ni kwamba magoti yalikuwa yamemwisha kwa kuchuchumaa, na kwamba kila asubuhi Shamsa ndiye aliyemshika mkono akanyanyuka kitandani.

Ndiyo maana wakaamua kununua gari, Awadhi abebe abiria wanaoita kwa simu, akae kwenye kiti kama watu. Wakachagua haibridi, hizi zinazotumia mafuta na betri, kwa kuwa bei ya mafuta ilikuwa haishikiki. Walikuwa na milioni kumi na tano, nusu yake za Shamsa, jasho la juisi ya ukwaju na upatu. Wakakubaliana kwamba kila shilingi atakayopunguziwa Awadhi itaingia kwenye friji jipya la Shamsa, maana lile la zamani lilikuwa limeanza kuchemsha juisi.

"Mchukue Selina," Shamsa alimwambia. Selina alikuwa binti wa jirani yao hapo Mtaa wa Sikukuu, fundi umeme wa magari, ana mashine yake ya kupimia.

"Selina nimemuuzia viatu vya shule mimi," Awadhi akajibu, kana kwamba viatu vya shule na betri ya gari ni ukoo mmoja. Akaenda peke yake.

Mwenye gari alikuwa Mzee Gaudens wa Magomeni, mhasibu mstaafu, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao Rombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, gari ndilo hilo. Litazame kwa nafasi yako."

Awadhi alianza na anachokijua. Akapapasa tairi kama anavyopapasa soli, na hapo, tumpe haki yake, alikuwa sahihi: tairi za mbele zilikuwa zimelika upande mmoja. Akanusa viti. Akaingiza mkono chini ya zulia la buti kutafuta unyevu, akatoka na sarafu ya mia mbili, akamkabidhi mzee kwa heshima zote. Kisha akarudi mbele, akakunja mikono kifuani.

"Haya, liwashe tulisikie."

Mzee Gaudens akaingia, akabonyeza kitufe. Kimya.

"Washa basi, mzee."

"Limewaka."

Awadhi akainama, akaweka sikio kwenye boneti, akafumba macho kama daktari. Barazani kwa jirani kulikuwa na wanawake wawili wanasukana. Mikono ikasimama kichwani.

"Mzee wangu, tusidanganyane," akasema bila kufumbua macho. "Gari hili limekufa."

Mzee Gaudens hakubishana. Aliweka gia ya nyuma, akaachia breki tu. Gari likarudi nyuma taratibu, bila sauti, likamwacha Awadhi ameinama palepale na sikio lake hewani. Yule aliyekuwa anasukwa alicheka mpaka chanuo likamtoka nyweleni.

Mzee aliposhuka hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma Awadhi zaidi. Akaanza kueleza, bila kuulizwa. Betri kubwa aliibadilisha mwaka juzi, risiti hizi hapa. Feni inayoipooza betri iko pembeni ya kiti cha nyuma, inashika vumbi, isafishwe. Tairi za mbele zimekwisha. Mlango wa kushoto uligongwa na bajaji, ukanyooshwa na kupakwa rangi.

Awadhi alichanganyikiwa. Tangu azaliwe hakuwahi kuona muuzaji anayeonyesha tundu la kiatu chake. Yeye mwenyewe matundu aliyaziba kwa kiwi. Akawaza kuwa huyu anataja madogo ili kuficha kubwa, ila moyo wake ulikuwa umeshahamia kwenye kile kiti cha dereva, kilicho laini, kisichodai mtu achuchumae.

"Nina kumi na mbili," akasema.

"Bei ni kumi na tano."

"Basi mzee, bora niende zangu."

Sasa, Mchikichini ukisema hivyo hujaondoka. Umeendelea na mazungumzo kwa miguu. Hatua ya tano unaitwa, "Kaka, njoo kwanza!" Hatua ya kumi muuzaji anakukimbilia na kiatu mkononi. Awadhi alikuwa ameita watu hivyo maelfu ya mara, na mwenyewe aliitwa mara nyingi zaidi. Akatembea. Hatua ya tano, kimya. Ya nane akainama kufunga kamba za viatu, wakati amevaa makubazi. Ya kumi, kimya. Akakata kona akiwa amekakamaza shingo, maana anayegeuka nyuma ndiye anayelipa zaidi.

Kwenye kona ya pili hofu ikamshika kwelikweli. Akaiona kichwani foleni ya watu wanaolinunua gari lake, akajiona amechuchumaa Mchikichini mpaka kufa. Akatoa simu.

"Shikamoo, baba," Selina akaitikia.

"Marahaba, mwanangu. Acha ulichoshika, njoo Magomeni na mashine yako. Gari nimelipenda mpaka magoti yameacha kuuma! Mzee mwenyewe mkweli hadi anatisha. Nimejifanya naondoka, hajaniita. Ukilipima likawa zima, hata asipopunguza senti, nalichukua hivyo hivyo."

"Nimekuelewa," ikajibu sauti, lakini haikutoka kwenye simu.

Awadhi akageuka. Gari lilikuwa nyuma yake, umbali wa mkono mmoja tu, kioo kimeshushwa, Mzee Gaudens ameshika usukani.

"Nakufuata tangu kona ya kwanza, wala husikii," mzee akasema. "Nilikuwa nakuletea kumi na nne, milioni inayobaki ununulie tairi. Naona umeshaamua bei mwenyewe."

Upande wa pili wa simu Selina alikuwa anacheka hadi anakohoa.

Selina alikuja, akapima saa nzima, akatambaa hadi chini ya gari. Kila alichosema mzee kilikuwa kweli. Awadhi akalipa kumi na tano kamili. Wakati wa kuagana Mzee Gaudens akamwekea kitu kiganjani. "Punguzo lako," akasema.

Nyumbani, Shamsa alikuwa amesimama mlangoni. Akalizunguka gari, akalipapasa, akafurahi. Kisha akauliza, "Haya, na friji langu?"

Awadhi akampa sarafu ya mia mbili.

Shamsa aliigeuza pande zote mbili. Awadhi akamsimulia yote, hata habari ya sikio, bila kujipamba popote, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Shamsa alitaka kukasirika, akashindwa, akakaa kizingitini na kucheka huku anafuta machozi na ncha ya kanga. Friji lilinunuliwa miezi minne baadaye, kwa nauli za abiria. Na mpaka leo, Awadhi akitaka kusema jambo lolote la maana kwenye simu, hugeuka kwanza kutazama nyuma.