Pumzi za Kwendea Malindi

Abdulbasit aliipakua ratiba ya mazoezi kwenye simu, akaiamini kuliko alivyowahi kumwamini mzazi. Ilitungwa na Mzungu mmoja wa nchi ya theluji, na Abdulbasit alitaka imfikishe Malindi kwa baiskeli, pamoja na msafara wa vijana wa Tudor. Ratiba ilisema: ukikaza mwendo usiseme wala usisimame, pumzi yako ni mali.

Basi kila alasiri Mji wa Kale ukaona mambo. Mtoto wa watu kavaa suruali ya kubana iliyomchora hata aibu zake, kofia ngumu kichwani kama gamba la kobe, achomoka kichochoroni na kuipita baraza ya Mzee Jamaldin kimya, kama aliyeshonwa midomo.

"Ana nini huyu?" akauliza mmoja barazani.

"Labda jino."

Muuza kahawa akatua dele, birika lake la shaba, akatunga papo hapo:

"Yuapita kama jini, salamu amezimeza,
Azipeleke kwa nani, huko anakokimbiza?"

Baraza nzima ikaangua kicheko, isipokuwa mwenye baraza. Huyo kijana alikuwa akimtaka binti yake, Shifa, na posa ilikuwa iletwe Ijumaa.

Beti ile ilifika nyumbani kabla ya mwenyewe. Dada yake, Mwanabaraka, akamngojea mlangoni.

"Wewe! Aliyepanda ndiye amsalimuye aliyekaa. Hilo tulifundishwa chuo cha Kurani kabla hatujajua kufunga viatu. Wampita mkweo kama mtaro?"

"Nikisema, mapigo ya moyo yanavurugika."

"Ngoja Ijumaa. Yatavurugika vizuri."

"Nitamsalimu nikirudi Malindi, nikiwa na nishani yangu shingoni. Hapo atajua anamwoza nani."

Ijumaa ikafika, na ratiba ikataka mwendo mrefu. Ami yake, aliyekwisha kuvaa kanzu na kujifukiza udi, alimsihi akae nyumbani, huenda akaitwa.

"Ami, ratiba haikatizwi."

"Na mke?"

"Mke hakimbii."

Ami akaenda peke yake. Akakaribishwa barazani, akala halwa, akanywa kahawa, akaanza kumsifu kijana wao: mtulivu, mwenye adabu, ajuaye wakubwa. Hapo hapo magurudumu yakavuma kichochoroni. Abdulbasit akapita kichwa chini, jasho likimtiririka. Hakumwona mkwe, hakumwona hata ami yake na kipande cha halwa mkononi.

"Ndiye huyo mtulivu?" akauliza Mzee Jamaldin.

"Ndiye; ratiba yake ya mazoezi yamkataza kusimama, asipoteze pumzi," ami akajibu, akitamani baraza immeze.

"Basi nisamehe, sheikh. Simpi binti yangu mtu ambaye nikianguka hapa mlangoni atanipita, kwa kuwa ratiba haikuniandika."

Malindi Abdulbasit alifika, hilo hakuna awezaye kumnyang'anya. Aliporudi, nishani ikiyumba kifuani, alishuka kwenye baiskeli mbele ya baraza kwa mara ya kwanza.

"Asalaam alaykum, Mzee."

Mzee Jamaldin alimwitikia kwa ukamilifu, na rehema na baraka zote, maana salamu ni deni. Akamuuliza hali, akamuuliza mama, akamuuliza dada, akamuuliza na njia ya Malindi. Kuhusu posa hakutamka neno. Kahawa ikapita mbele ya Abdulbasit, ikaenda kwa wengine.

"Haya, enda baba," akasema mwishowe. "Usisimame sana, pumzi zitapotea."

Juu dirishani mtu akacheka, na Abdulbasit alikijua kicheko cha Shifa.