Mshono wa Mama Pacha

Saa nane mchana kengele ya zamu ililia. Wafungashaji wa machungwa walipanga foleni langoni, na mlinzi akawanusa vinywa mmoja mmoja. Aliyenukia chungwa alifukuzwa kazi. Waliobaki walirudi bwenini kula uji mtupu, kama walivyokula tangu msimu uanze miezi mitano iliyopita.

Mama Pacha hakwenda bwenini. Alikwenda kwa nesi wa kiwanda, akapandisha blauzi.

"Kovu la goti lilifunguka Jumatatu," alisema. "Changarawe niliyoangukia nikiwa darasa la pili imetoka yote. Hiyo nimeifagia. Sasa ni hapa walipotolewa wanangu."

"Pole, mama. Lala hapo."

Nesi aliinamisha sikio juu ya kovu. Ndani ya seli za mwili mafundi walikuwa kazini. Walisokota nyuzi tatu kuwa kamba moja, ile ambayo vitabuni huitwa kolajeni, wakaipitisha mlangoni. Huko nje wenzao walipaswa kuikata ncha na kuiunganisha na nyingine, nyama ishikamane. Lakini kamba zilifika zimefumuka.

"Mnalala kazini?" nesi aliuliza.

"Ebo! Usitutie ila, dada," msimamizi wao alijibu kutoka kidondani. "Tunasokota, zinafumuka. Tuletee vitamini C. Chungwa moja kwa siku, basi."

"Wana mdomo hao kuliko mimi," Mama Pacha alisema. "Nami leo nimeshika machungwa elfu tatu."

Nesi alimwita meneja. Meneja alikuja, akavua kofia, akasikiliza mpaka mwisho. Alikiri kwamba hoja ya mafundi ilikuwa na msingi. Hata hivyo, machungwa yalikuwa ya wateja wa ng'ambo, na angempa mmoja, mia nne wangenyoosha mikono. Aliagiza vidonda vinavyosema vifungwe bandeji mbili, visiwasumbue wanaohesabu makasha.

Jumatano mshono ulifunguka wote. Nesi alikandamiza pamba, damu ikaipita. Mama Pacha aliuliza kama wanawe wameshatoka shule, kisha hakuuliza tena.

Nesi alipokuja kuosha mwili, mafundi walikuwa wangali wameketi, nyuzi mikononi.

"Kuna kazi kwingine?" msimamizi aliuliza.

"Tele. Kitanda cha pili, cha tatu, na foleni nje."

"Machungwa wanapewa?"

"Hawapewi."

Wakakunja nyuzi zao, wakahamia kitanda cha pili.