Kiti Kinachojua Waongo

Kinyozi hakuwahi kudai kwamba kiti chake kina jini. Wateja ndio waliosema. Yeye hakukanusha tu, maana biashara ilikuwa nzuri. Eti mtu akikaa pale akadanganya, kiti kinashuka chini polepole mbele ya watu wote. Muuza nyama alishushwa siku alipoapa kwamba mizani yake haina kasoro. Mume wa fundi cherehani alishushwa hata kabla hajamaliza sentensi. Wenye vipara nao wakaanza kuja kunyolewa, wasikose uhondo.

Binti yake alisuka nywele upande wa pili wa chumba hichohicho. Mtaani walimwita Kwanini, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni tangu utotoni. Habari za kiti alizicheka tu, mpaka Jumamosi ile kijana aliyetaka kumwoa, seremala mpole mwenye masikio makubwa, alipokuja kunyolewa. Kesho yake wazazi wake walikuwa waje kuposa.

"Binti yangu utamtunza?" kinyozi aliuliza, akimwinamia asipitwe na neno.

"Nitamtunza, mzee."

Kiti kikashuka.

Seremala alibaki huko chini, amenyolewa nusu kichwa, akimtazama Kwanini kama anayeomba radhi kwa kosa asilolijua.

"Wazazi wako wasije," kinyozi alisema. "Sijasema mimi. Kiti kimesema."

Kwanini aliumia. Alimpenda kijana yule, na alimpenda baba yake vilevile. Kuambiwa achague kati yao, tena na kiti, kulimpandisha hasira. Lakini hasira zake siku zote ziliishia kwenye swali.

"Hebu nikae mimi." Akakipandisha kiti, akakaa. "Mimi ni rubani. Nina miaka tisini. Na baba anajua kupika."

Wateja wakacheka. Kiti kimetulia tuli.

"Wewe kinakujua," mteja mmoja alisema. "Hakiwezi kumuumbua mtoto wa mwenye duka."

"Haya, arudi yeye. Ila baba, safari hii muulize ukiwa pale mlangoni."

Kinyozi akaenda mlangoni shingo upande. Alipoulizwa, seremala akatangaza kwamba hajawahi kujigonga kidole kwa nyundo, na kwamba masikio yake ni madogo sana. Kiti hakikutikisika.

"Sasa njoo umuulize kama mwanzo."

Mzee akarudi, akauliza, akainama kusikiliza. Kiti kikaanza kushuka. Safari hii Kwanini hakutazama uso wa mtu. Alikuwa amepiga magoti sakafuni.

"Baba, usisogee. Tazama mguu wako."

Mguu wa kulia ulikuwa umekandamiza kanyagio la kushushia kiti. Kila aliposubiri jibu ambalo hakuliamini, mzee aliinama, na uzito wake wote ukahamia mguu huo. Hakuwa tapeli. Aliutazama mguu wake kana kwamba ni wa jirani.

"Kwa hiyo muuza nyama tulimwonea?" mteja aliuliza.

"Tukaipime mizani yake," alisema Kwanini. "Ndiyo njia ya kujua."

Seremala akamaliziwa kunyolewa, kimyakimya, kwa uangalifu usio wa kawaida. Wateja walipotawanyika, Kwanini akamkalisha baba yake kitini, akakipandisha juu kabisa, akaanza kumpunguza ndevu.

"Kwa nini hukumwamini?"

"Kijana mzuri yule. Sina neno naye."

"Basi nikiondoka, baba, utakuwaje?"

"Mimi? Nitalala vizuri. Hakuna wa kuniuliza kwa nini asubuhi mpaka jioni. Hata sitajua kama umeondoka."

Kwanini akainua mguu wake, bila kuuficha, akakandamiza kanyagio mpaka mwisho. Mzee akashuka taratibu, anacheka, machozi yanamlengalenga.

"Waambie waje kesho," alisema kutoka huko chini.