Kamera ya Kuingia Nayo Ndani

Bwana Murotani aliziweka kamera mbili juu ya kioo cha meza yake, moja huku, nyingine kule, kama mtu anayesuluhisha majirani waliogombana. Ya kushoto ilikuwa ndogo, ya rangi ya chungwa, imejaa mikwaruzo, skrubu zake nje nje kama kisanduku cha fundi. Ya kulia ilikuwa nyeusi na nene, yenye lenzi ya kutoa na kuweka, na lenzi ya pili, ndefu, imelala pembeni yake. Zote zilikuwa za mtumba.

"Hii nyeusi ni bibi harusi," alisema. "Haitaki vumbi, haitaki mvua, haitaki kusukumwa. Lakini picha yake, mama, utahesabu nyusi za mtu aliye ng'ambo ya mto. Hii ndogo sasa ni punda. Ikianguka, ionee huruma sakafu."

Fusae Tatsumi alicheka kidogo, kwa adabu. Mumewe alikuwa amekufa siku thelathini na nane zilizopita, mwili wake ukachomwa kwa desturi, na mifupa yake bado ilikuwa nyumbani, ndani ya chungu kilichofunikwa kitambaa cheupe, ikingojea kuzikwa siku ya arobaini na tisa. Chizuru Kitabayashi, aliyesimama kando yake, hakucheka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai alichopewa na mwenye duka, na vidole vyake havikumwambia kama chai ni ya moto au imepoa. Vilikuwa hivyo tangu siku ya ajali.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi asubuhi mafundi wangeanza kubomoa jukwaa la mabomba lililozunguka jengo la ghorofa tisa, mtaa wa tatu kutoka dukani hapo, upande wa magharibi wa Osaka. Likishabomolewa, matundu ya vyuma vyake ukutani yangezibwa kwa saruji na kupakwa rangi, na hapo asingepatikana tena wa kusema palikuwa na tundu au hapakuwa. Ndiyo maana walitaka kamera, na waliitaka leo.

Yasuhiko, mume wa Fusae, alikuwa fundi wa majukwaa. Mkia wa tufani ulipopita, upepo ulilivuta jukwaa likaachana na ukuta, pengo likafunguka ghorofa ya sita, naye akapita humo. Kampuni ikasema vishikizo vyote, yaani vile vyuma vinavyolibana jukwaa ukutani, vilikuwepo. Eti marehemu aliufungua mkanda wake wa usalama mwenyewe, kwa uzembe. Marehemu siku zote ndiye mzembe. Mwaka wa ajali ya daraja walikuwa wazembe wanne, mwaka wa ajali ya handaki wakawa kumi na mmoja, wote wafu, na mzembe aliye hai hajaonekana hadi leo. Maofisa wa serikali walikuja kukagua. Walipanda mpaka ghorofa ya pili, mvua ikawashusha, wakakaribishwa ofisini wakaletewa chai na albamu ya picha za kazi. Albamu ilikuwa safi.

"Tuchukue hii kubwa," alisema Fusae. "Binamu yangu anakaa jengo la mbele, ghorofa ya saba. Unasimama kwenye roshani yake, unavuta kwa hii lenzi ndefu, unapiga. Hakuna anayekuona, hakuna wa kukufukuza kazi. Ameanguka mmoja, inatosha."

"Jukwaa limefunikwa wavu, dada."

"Wavu si ukuta. Mzee, hii lenzi haipenyi wavu?"

"Wavu itauona vizuri sana," alisema Murotani. "Utaweza kuhesabu na vifundo vyake."

"Basi siku ya upepo, wavu ukipeperuka."

"Siku tuliyo nayo ni kesho tu," alisema Chizuru.

Alikuwa akiitazama ile ya chungwa. Ilikuwa ya namna ileile aliyoitumia miaka kumi na mmoja. Ile ya kwake, kampuni iliichukua pamoja na kadi yake ya picha, eti ihifadhiwe, kabla hata gari la wagonjwa halijafika hospitali.

Kazi yake Chizuru ilikuwa ubao. Kila kitu ambacho kitafunikwa, nondo kabla ya zege, tundu kabla ya saruji, lazima kipigwe picha kwanza, na ndani ya picha lazima usimame ubao mdogo wa chaki: jina la kazi, tarehe, mahali, kipimo, jina la shahidi. Anayekuja kukagua haangalii ukuta. Anasoma ubao. Kwa hiyo wenye kampuni walikwisha kung'amua, zamani sana, kwamba kuuandika ubao vizuri ni rahisi kuliko kuujenga ukuta vizuri.

Mwezi wa tisa vishikizo vilichelewa kuletwa. Upande wa mashariki wa ghorofa ya sita kilifungwa kimoja tu kati ya sita. Kuwajima, nyapara wao, alisimama chini mikono mfukoni akasema, "Kishikizo si kishikizo tu? Badilisha namba, Chizuru. Vingine tutafunga vikija." Akabadilisha namba. Alifuta moja akaandika mbili, akasogea hatua moja kushoto; akafuta mbili akaandika tatu, akapiga magoti. Chuma kilekile. Hakuona kwamba anasema uongo, na hili ndilo baya. Aliona anafanya kazi. Vishikizo vilipokuja vilipelekwa jengo jingine.

"Dada Fusae," alisema, "tuchukue ndogo."

"Kwa nini?"

"Kitu kisichokuwepo hakipigwi picha kutoka mbali. Watasema ni kivuli. Lazima niweke ubao palepale na futi ya kupimia, ukutani."

"Na utajuaje pa kuuweka? Jukwaa lote lile."

Chizuru alikiweka kikombe juu ya kioo. Aliongea kama anayesoma kilichoandikwa na mtu mwingine. "Najua. Namba mbili mpaka sita havipo. Nilipiga namba moja mara sita."

Murotani alichukua kitambaa akaanza kupangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Fusae hakupaza sauti. Miaka ishirini ya kuolewa na fundi ilikuwa imemfundisha kuwa ubao haujishiki wenyewe. "Nani alikushikia ubao?"

"Yasuhiko."

"Alijua?"

"Alijua. Alisema tufanye haraka, duka la tambi litajaa."

"Ndiye huyo," alisema Fusae. "Ndiye kabisa huyo." Kisha akaongea polepole. "Ile picha uliyonipa ya msibani. Anacheka."

"Ndiyo hiyo. Namba sita. Ndiyo pekee niliyokuwa nayo nyumbani ambayo anacheka. Ilikuwa imekaa vizuri kuliko zile tano nyingine. Watu wa mazishi waliukata ubao, wakamwondoa kofia, wakamvika suti kwa kompyuta."

"Suti yenyewe ilimpwaya shingoni."

"Ndiyo."

"Kila asubuhi namfukizia ubani mbele ya picha hiyo."

Chizuru alifungua mdomo. Fusae akamwinulia kiganja, kama anavyosimamishwa dereva.

"Usiniombe radhi leo. Piga kwanza." Akamgeukia mwenye duka. "Mzee, tupe hiyo ndogo. Ina betri?"

"Imejaa," alisema Murotani. "Na kamba ya mkononi nakupa bure. Uivae kweli, mama, si ya mapambo."

Asubuhi ya Ijumaa mvua ilikuwa nyembamba. Saa mbili kamili redio ya mazoezi ya viungo ilifunguliwa kwenye uwanja wa ujenzi, wanaume thelathini wenye kofia ngumu wakainua mikono, wakaishusha, wakainama, na Chizuru akainama pamoja nao. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mwanamke mwenye ubao na kamera ya chungwa ni sehemu ya uwanja kama ndoo. Angekuja na ile nyeusi shingoni, getini wangemuuliza ametoka gazeti gani. Kwa kamera ya aina hiyohiyo aliwadanganya maofisa, na kwa hiyohiyo alipita mbele ya Kuwajima, aliyekuwa akivuta sigara kandokando ya ngazi.

"Unapiga nini tena wewe?"

"Za kabla ya kubomoa."

"Piga, piga. Usinijazie kadi."

Alipanda mpaka ghorofa ya sita. Namba moja ilikuwepo, boliti yake imekazwa, alama ya kutu chini yake kama mguu wa kuku. Aliijua alama ile kuliko uso wake. Akaipiga mara moja. Akasonga mpaka mahali pa namba mbili. Ukuta ulikuwa laini, hauna tundu wala mkwaruzo wa kekee. Hakukuwa na wa kumshikia ubao, akautundika kwa waya kwenye bomba, akaegemeza futi, akaandika kwa chaki ya kustahimili mvua: Kishikizo namba 2. Hakipo. Hakijawahi kuwepo.

Akafika nafasi ya shahidi. Kwa miaka kumi na mmoja aliandika hapo Kuwajima, na Kuwajima hakupanda hata siku moja kushuhudia chochote. Mkono ulianza wenyewe kulichora jina lile, ukafika nusu. Akalifuta kwa kiganja. Akaandika: Chizuru Kitabayashi, aliyepiga picha ya uongo mwezi wa tisa. Nafasi ilikuwa ndogo, ikabidi ayabane maneno.

Tatu. Nne. Tano. Kwenye namba tano kamera ilimponyoka, akakumbuka kwamba kamba hakuivaa. Iligonga ubao wa kukanyagia, ikaruka, ikasimama ukingoni kabisa. Akaiokota, akaifuta kwa paja, akaiwasha. Ikawaka. Akaivaa kamba.

Namba sita palikuwa na lile pengo. Walikuwa wamefunga utepe wa njano tu, basi, na mafundi walikuwa wamemwachia mwenzao hapo kopo la kahawa lisilofunguliwa, ile tamu ambayo Yasuhiko aliinywa hata kiangazi. Alisimama akingoja kitu kimjie. Hakikuja. Mvua ndiyo iliyokuja, ikaingia kwenye kola. Akaandika namba, akaandika hakipo, akaandika jina lake, akapiga. Hakulisogeza kopo, likaingia kwenye picha kama lilivyo.

Kawaida ubao hufutwa palepale kwa mkono wa koti, kazi ikiisha, ili usichanganye picha ya kesho. Aliinua mkono wa koti, akaushusha. Akaubeba ubao kwapani, maandishi yameelekea nje, akateremka ghorofa sita.

Kuwajima bado alikuwa pale pale, sigara ya pili. Hakuinua hata macho.

"Futa ubao kabla hujaondoka," alisema, kama alivyosema kila siku.

"Sifuti," alisema Chizuru, akaendelea kutembea kuelekea getini, alikokuwa amesimama Fusae na mwavuli mmoja.